Herufi Tano, Sauti Ishirini: Kumfundisha Mtoto wa Kiswahili Irabu Fupi za Kiingereza



Mliponialika nizungumze juu ya kusoma, niliomba ruhusa ya kuchukua kipande kidogo tu cha jambo hilo kubwa. Kipande chenyewe ni zile sauti za Kiingereza ambazo walimu huziita irabu fupi: sauti ya katikati katika "cat", katika "bed", katika "pin", katika "hot" na katika "cup". Wengine huongeza ya sita, ile ya "put". Mtoto asipozishika anaweza kukariri kitabu chake cha kwanza kuanzia jalada hadi jalada, na bado akakwama mbele ya neno fupi ambalo hajawahi kuonyeshwa. Akizishika, maneno mengi mafupi ya Kiingereza ataweza kuyasoma mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Dai langu jioni hii ni moja. Mtoto anayezungumza Kiswahili anapokwama kwenye irabu hizi, tusikimbilie kusema ni mzito. Tunampa herufi anazozijua, zimebeba sauti asizozijua, na hatumwambii kwamba kuna kilichobadilika. Basi kazi yetu ianze sikioni kabla ya kufika ubaoni, na mpangilio wa kufundisha unaowafaa watoto wa Uingereza usichukuliwe kuwa ndio unaowafaa watoto wetu.

Mtoto anakuja na nini

Tuanze na mtaji alionao. Mtoto wa miaka mitano aliyelelewa kwa Kiswahili ana irabu tano kichwani, na sikio lake linazitenganisha bila kusita. Mtamkie paa, pea, pia, poa, pua. Umebadilisha sauti moja tu kila mara, na kila mara amepata neno jingine. Ukimwambia aguse pua, hatanyosha kidole kwenye paa.

Anapoanza kusoma Kiswahili, uhakika huo unamlipa haraka. Anaimba ba, be, bi, bo, bu, kisha ma, me, mi, mo, mu, na baada ya muda anaunganisha silabi mbili na kusoma "babu" na "mama" bila kusaidiwa. Herufi a ni a katika kila neno na kila kitabu. Neema hii hatuithamini kwa kuwa tumeizoea.

Mwaka 2003 watafiti Philip Seymour, Mikko Aro na Jane Erskine walichapisha ulinganisho wa watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule, watoto wa Kifini walisoma sawasawa asilimia 98 ya maneno ya kawaida waliyopewa. Watoto wa Kiingereza, waliopimwa Scotland, walisoma asilimia 34. Kiswahili hakikuwamo katika utafiti huo, lakini kwa namna kinavyoandikwa, jamaa zake ni Kifini, Kihispania na Kiitaliano. Wale watoto wa Scotland hawakuwa wajinga, wala walimu wao hawakuwa wavivu. Walikuwa wanajifunza kusoma lugha ambayo herufi moja ina kazi nyingi.

Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, na herufi za irabu ni zilezile tano zetu. Hapo ndipo penye kazi.

Nchini Kenya kazi hiyo ina ugumu wa ziada. Mradi wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia mwaka 2015, uliwapa watoto wa madarasa ya mwanzo vitabu vya Kiswahili na vya Kiingereza kwa pamoja, kila mtoto na chake. Kuwa na vitabu ni baraka. Ila ina maana kwamba asubuhi moja herufi u inasomwa kama katika "uji", na kipindi kinachofuata herufi hiyohiyo inasomwa kama katika "cup". Mtu mzima analiona hilo kuwa jambo dogo. Mtoto wa miaka sita anaona kwamba mwalimu amegeuza maneno yake.

Dawa ya kwanza ni rahisi: tenganisha lugha mbili machoni. Kadi za herufi za Kiswahili ziwe za rangi moja na zikae ukuta mmoja. Za Kiingereza ziwe za rangi nyingine na zikae ukuta mwingine. Kabla ya kipindi mwambie mtoto waziwazi: "Sasa tunahamia Kiingereza, herufi ni zilezile, sauti zake ni nyingine." Akishaambiwa hivyo hatashangaa u inapobadilika.

Kwa nini Kiingereza kiko hivi

Walimu huniuliza nani alivuruga mambo. Jibu liko katika historia, na ni vizuri kulijua ili tusimlaumu mtoto kwa deni lisilo lake.

Katika Kiingereza cha kale majina haya, fupi na ndefu, yalisema kweli: irabu zilitofautiana kwa muda wa kuvutwa. Kati ya mwaka 1400 na 1700 hivi, irabu ndefu zilihama kutoka mahali pake mdomoni, moja baada ya nyingine, badiliko ambalo wanaisimu huliita Mhamo Mkuu wa Irabu. Mwaka 1476, mabadiliko yakiwa bado yanaendelea, William Caxton alianzisha mtambo wa kuchapa vitabu huko Westminster, na tahajia ikaanza kuganda huku sauti zikiendelea kutembea. Mtoto wetu anayeliona neno "name" na kulisoma na-me yuko karibu zaidi na Kiingereza cha enzi za mshairi Chaucer, kabla ya mhamo huo, kuliko mwalimu anayemsahihisha.

Irabu fupi hazikutembea sana, ndiyo maana kadhaa kati yake bado ziko jirani na zetu. U ndiyo iliyoleta vurugu. Katika karne ya 17, kusini mwa Uingereza, u ya "cup" ilijitenga na u ya "put". Kaskazini haikujitenga: mtu wa Leeds au Manchester bado huitamka "cup" kwa sauti inayokaribia u yetu ya "uji". Likumbukeni hilo, nitalirudia nitakapozungumzia lafudhi.

Hapa kuna tahadhari kwa walimu wa pwani. Watoto wenu wengi wanasoma madrasa pia, na huko wamefundishwa kwamba irabu fupi ni harakati moja, yaani kipimo kimoja cha muda, na mada, yaani irabu ndefu, ni kuvuta harakati mbili. Katika Kiarabu somo hilo ni sahihi kabisa. Urefu ndio unaobeba maana. Katika Kiingereza cha leo, "sit" na "seat" zinatofautiana zaidi kwa umbo la mdomo kuliko kwa muda. Sauti ya i katika "bid" inaweza kuchukua muda unaolingana na ile ya "beat", kwa sababu d na t zinaathiri irabu iliyotangulia. Ukimwambia mtoto wa madrasa "hii ni fupi, ile uivute," atakuvutia i yetu ya Kiswahili kwa ustadi mkubwa na bado hatakuwa ameifikia i ya "sit". Msimfundishe kwa saa. Mfundisheni kwa sikio na mdomo.

Maneno tuliyokopa yanatoa ushahidi

Ukitaka kujua sikio la Mswahili linazisikiaje irabu hizi, huhitaji maabara. Pitia maneno tuliyoyachukua kwa Wazungu.

"Bus" imekuwa basi, "jug" imekuwa jagi, "cupboard" imekuwa kabati, "club" imekuwa klabu, "pump" imekuwa pampu. Mababu zetu waliokopa kwa kusikia, si kwa kusoma, walisikia a. Kwa hiyo mtoto anayeandika "bas" akikusudia "bus" amesikia vizuri sana. Anaandika kama taifa zima lilivyosikia.

Sasa angalia herufi a. "Bag" imekuwa begi, "bank" imekuwa benki, "stamp" imekuwa stempu, "gas" imekuwa gesi, "jack" ya kuinulia gari imekuwa jeki. Kisha "jam" imekuwa jamu, "jacket" imekuwa jaketi na "cabbage" imekuwa kabichi. Sauti ni ileile ya Kiingereza, lakini huku imesikika e, kule imesikika a. Sikio limesitasita kwa sababu sauti hiyo imekaa baina ya irabu zetu mbili na haina kiti kwetu.

"Pin" imekuwa pini na "team" imekuwa timu: irabu mbili za Kiingereza, moja ya Kiswahili. "Box" imekuwa boksi na "coat" imekuwa koti, vilevile. Na kumbukeni kwamba karibu kila neno katika orodha hii limepewa irabu mkiani, kwa sababu neno la asili la Kiswahili huishia kwa irabu. Ndiyo maana mtoto husoma "pin" kama pini na "bag" kama begi. Anafuata sheria ya lugha yake.

Herufi moja moja

Tukitumia ushahidi huo, tunaweza kupanga ugumu wa kila herufi kwa mtoto wetu.

E ya "bed", "pen", "net" na "hen" iko karibu sana na e ya "pete". Mtoto anaweza kutumia yake na akaeleweka. Kazi iliyopo ni kumzuia asiongeze irabu mwishoni.

O ya "pot", "mop", "box" na "dog" nayo iko karibu na o ya "choo", ikiwa fupi na taya likiwa limeshuka kidogo zaidi. Hapa pia mtoto anaanza na mtaji.

I ya "pin", "tin", "lid" na "fish" inadanganya. I yetu imebana: midomo imetandazwa na ulimi umepanda juu. Sauti hiyo Waingereza huiandika kwa namna nyingine, kama katika "seat". I fupi yao imelegea, ulimi umeshuka kidogo kuelekea e. Mwambieni mtoto aseme i, kisha aulegeze mdomo kama mtu aliyechoka kutabasamu. Mtoto asiyeitofautisha atasoma neno la merikebu na neno la kondoo kwa sauti moja, na hatajua kwa nini mwalimu anacheka.

A ya "pan", "bag", "mat" na "tap" ndiyo ile isiyo na kiti. Taya linashuka kama la a, lakini ulimi unabaki mbele kama wa e na pembe za mdomo zinatandazwa. Mtoto asipoonyeshwa atachagua kiti kimoja kati ya viwili, leo hiki na kesho kile.

U ya "cup", "jug", "sun" na "mud" ina tatizo la namna yake. Sauti yenyewe si ngumu, kwa kuwa a yetu inaikaribia. Kinachomsumbua mtoto ni herufi. Tangu siku ya kwanza ameambiwa kwamba umbo hilo ni u, na sasa linatakiwa litoe sauti inayofanana na a. Jicho linasema hivi, sikio linasema vile. Na ile a ya "pan" inagombea nafasi hiyohiyo, hivyo "cap" na "cup", "hat" na "hut", "fan" na "fun" zinakuwa pacha zisizotenganika.

Tuanze na ipi?

Mipango mingi ya kufundishia sauti nchini Uingereza huanza na kundi la s, a, t, p, i, n. Sababu yake ni nzuri: kwa herufi sita mtoto anaunda "sat", "tap", "pin", "tin", "nap" na maneno mengine mengi ndani ya majuma machache. Walimu wa huko pia hushauri e na i zisifundishwe karibu karibu, kwa kuwa watoto wao huzichanganya.

Watoto wetu hawazichanganyi e na i. Kiswahili kimekwisha kuwatenganishia. Wanachanganya a na u, kisha i na ile i iliyobana. Kuanza na a, basi, ni kuanza na sauti ngumu kuliko zote na kumpa mtoto mashaka siku ya kwanza.

Pendekezo langu ni hili. Tuanze na e na o pamoja na konsonanti s, t, p, n na m. Kwa herufi hizo saba mtoto anasoma "pen", "net", "ten", "men", "pet", "pot", "top", "mop" na "not", na irabu zote mbili anazo tayari. Anajifunza kitu kipya kimoja tu, nacho ni kufunga neno kwa konsonanti. Likishakaa hilo, tulete i iliyolegea. Kisha tulete a, tukiisimamisha mbele ya e aliyokwisha kuishika: pen, pan, men, man, ten, tan. Mwisho tulete u, na baada ya kuizoea peke yake ndipo tuiweke mbele ya a: cap, cup, hat, hut, fan, fun. Kanuni ni kwamba sauti mbili zinazogombana zisiingie darasani siku moja. Ya kwanza ikae, ndipo ya pili iletwe ilinganishwe nayo.

Najua shule nyingi zina kitabu kilichopangwa kwa mfuatano mwingine, na mwalimu hana ruhusa ya kukigeuza. Kitabu kiendelee. Unachoweza kubadilisha ni muda: ukifika kwenye a, ongeza siku za michezo ya masikio kabla ya kumtaka mtoto asome, na usimhesabie kosa la a na u mpaka umeshazikutanisha mbele yake.

Kazi ya darasani

Hatua ya kwanza ni sikio, na haihitaji chaki. Mwalimu anatamka maneno matatu: pan, pan, pen. Watoto wanapiga kofi wanaposikia lililo tofauti. Kisha anaweka sufuria ndogo na kalamu mezani, anatamka, na mtoto anagusa kitu alichosikia. Tumieni vitu vilivyomo nyumbani mwa watoto: "cup", "jug", "pot", "pan", "bed", "net" ya mbu, "mat", "bag", "tin", "bus", "egg". Vitabu vingine vimejaa maneno ya mashamba ya Ulaya ambayo mtoto wa Likoni au wa Lamu hajui maana yake hata akiyasoma vizuri. Sauti isiyo na maana inapotea upesi.

Hatua ya pili ni mdomo. Mtoto aweke kiganja chini ya kidevu na aseme pin, pen, pan. Atahisi kidevu kikishuka ngazi kwa ngazi, na tofauti aliyoshindwa kuisikia ataishika kwa mkono. Kioo kidogo kikiwepo, ajitazame midomo: imetandazwa kwenye "pan", imeviringwa kwenye "pot", imelegea kwenye "cup".

Hatua ya tatu ni kuhesabu sauti. Mwanasaikolojia wa Kisovieti Daniil Elkonin alibuni njia ambayo bado inafaa leo. Chora visanduku vitatu kwenye karatasi au mchangani. Mpe mtoto vifuniko vitatu vya soda, viwili vya rangi moja na cha tatu cha rangi nyingine kwa ajili ya irabu. Ukisema "net", anasukuma kifuniko kimoja kwa kila sauti: n, e, t. Visanduku vimekwisha, sauti zimekwisha. Hakuna nafasi ya kuongeza i na kusema neti. Lile zoea la kuongeza irabu mkiani linaondoka bila kelele. Na mwalimu ajihadhari asilirudishe mwenyewe: akitamka t peke yake, aikate, asiseme ti wala ta.

Hatua ya nne ni herufi. Hapa nina ombi maalumu kwa walimu wa chekechea. Ule wimbo wa majina ya herufi za Kiingereza, unaoimbwa kila asubuhi, uahirishwe kidogo. Sikilizeni majina yenyewe kwa sikio la Kiswahili. Jina la a linasikika ei. Jina la e linasikika i. Jina la i linasikika ai. Mtoto anayeijua i ya Kiswahili anaambiwa kwamba i ni jina la e! Kisha tunamwonyesha "pen" na kushangaa anaposoma pin. Sauti zitangulie, majina yafuate zikishakaa. Majina pekee hayamwezeshi mtoto kusoma neno.

Hatua ya tano ni mnyororo wa maneno. Andika "pan". Mtoto asome. Futa a, andika e: "pen". Futa e, andika i: "pin". Futa n, andika t: "pit". Futa i, andika o: "pot". Kila mara herufi moja tu inabadilika, na mtoto analazimika kuitazama irabu badala ya kukisia kwa herufi ya kwanza. Dakika tano za mnyororo zinafaa kuliko ukurasa mzima wa kunakili.

Hatua ya sita ni imla, nayo ndiyo kipimo. Mtoto aliyeandika "bas" kwa "bus" hana tatizo la sikio. Anahitaji kukumbushwa kwamba Kiingereza huiandika sauti hiyo kwa u. Aliyeandika "beg" kwa "bag" bado hajaipata sauti yenyewe. Mrudishe kwenye kidevu na kioo. Aliyeandika "neti" anahitaji visanduku. Makosa matatu, dawa tatu. Mwalimu anayeweka alama ya X kwa yote matatu amepoteza taarifa aliyopewa bure.

Ukitaka kujua kama mtoto anasoma kweli au amekariri, Uingereza ina mbinu ya kuazima. Tangu mwaka 2012, watoto wa shule za umma huko wanapomaliza mwaka wa kwanza husomeshwa maneno 40, na nusu yake ni ya kubuni, yasiyo na maana yoyote, kila moja likiwa na picha ya kiumbe cha ajabu ili mtoto ajue ni jina tu. Buni yako: "pem", "tob", "nup". Anayeyasoma amezishika sauti.

Jambo moja la kusubiri: e ya mwisho isiyotamkwa, inayogeuza "cap" kuwa "cape" na "pin" kuwa "pine". Msiilete mapema. Mtoto asiye na uhakika wa "cap" hana chochote cha kugeuza. Akishazishika zile fupi, hata konsonanti mbili katika "dinner" na "hopping" zitamwelea baadaye: zimewekwa hapo kuilinda irabu fupi iliyozitangulia.

Lafudhi ya mwalimu

Sasa nifike kwenye swali ambalo wengi hulitaka na wachache huliuliza hadharani. Mwalimu ambaye mwenyewe hatofautishi "cap" na "cup" afanye nini? Wako wengi, na hakuna sababu ya kuona haya. Kiingereza cha Afrika Mashariki kina lafudhi yake, na ndani yake jozi hizi mara nyingi hukutana.

Kumbukeni mtu wa Leeds. Anatamka "put" na "putt" sawasawa, na anasoma magazeti yake vizuri. Waskoti wengi hutamka "pull" na "pool" sawasawa. Katika New Zealand i ya "fish" imerudi nyuma mpaka wageni wanadhani wamesikia u. Hakuna lafudhi moja ambayo bila hiyo kusoma hakuwezekani. Mtoto hatakiwi azungumze kama mtangazaji wa London. Anatakiwa ajue kwamba kofia huandikwa kwa a na kikombe kwa u, na akiona mojawapo, picha sahihi imjie.

Kwa hiyo mwalimu mwenye lafudhi ya kwetu afanye mambo matatu. Atumie rekodi za sauti kwenye simu kwa michezo ya masikio, ili watoto wasikie tofauti hata kama yeye haitoi. Atumie kitu au picha kila mara jozi zinapokutana, ili maana ibebe kile ambacho sauti haikubeba. Na walimu wa shule moja wakubaliane: mtoto asitamkiwe "pan" kwa namna moja katika darasa la awali la PP1, kwa nyingine katika PP2, na kwa ya tatu akifika Gredi ya Kwanza.

Kucheka lafudhi ya mtoto darasani kukome. Mtoto aliyechekwa hunyamaza, na huwezi kumsahihisha aliyenyamaza.

Nyumbani

Wazazi, kwenu nina machache. Huhitaji Kiingereza ili umsaidie mwanao kwenye irabu. Sikio linalotenganisha sauti linakuzwa kwa lugha yoyote. Vitendawili, vitanza ndimi na nyimbo za kubembelezea watoto vyote ni mazoezi ya sauti. Mchezesheni tata, teta, tita, tota, tuta. Mwulize kila neno lina maana gani na ni nini kilichobadilika. Mtoto aliyezoea kuuliza ni nini kilichobadilika katikati ya neno amekwisha kujifunza nusu ya somo la Kiingereza.

Mwenye Kiingereza kidogo naye acheze mchezo wa kugusa wakati wa kuosha vyombo: "cup", "pan", "pot", "lid". Dakika kumi zinatosha. Msimkalishe mtoto saa nzima na orodha ya maneno, wala msimlinganishe na mtoto wa jirani anayesoma shule ya gharama kubwa na kuimba herufi zote 26. Kuimba herufi hakujawa kusoma.

Na msiwe na haraka ya kukiacha Kiswahili nyuma. Mtoto anayesoma Kiswahili kwa ufasaha amejifunza jambo gumu kuliko yote, kwamba alama hugeuka sauti na sauti zikiunganishwa huwa neno. Jambo hilo hujifunzwa mara moja tu maishani. Kiingereza kinamwongezea sauti mpya na mazoea mapya ya kuandika, na hayo yanafundishika.

Nimalizie kwa kazi ya Jumatatu. Kila mwalimu aliye hapa achukue daftari za imla za juma lililopita na ayapange makosa ya irabu mafungu matatu: la herufi, la sikio na la irabu ya mkiani. Fungu kubwa kuliko yote ndilo somo la juma hilo. Akifanya hivyo mpaka muhula uishe, atakuwa na mpangilio wa kufundisha uliotoka kwa watoto wake mwenyewe, na hakuna mchapishaji wa kitabu anayeweza kumtungia ulio bora kuliko huo.